Baraza la Ardhi la Kijiji



Katika nchi ya Kilimanjaro mpaka wa kihamba huonyeshwa kwa masale. Kila mtu aujua mmea huu, tena ajua kwamba jani lake huchukuliwa na mtu aendaye kuomba msamaha. Basi ni ajabu kwamba mmea uletao amani ndio uletao na ugomvi. Kijiti cha sale huota upesi wakati wa mvua. Mtu mwenye tamaa aweza kukihamisha hatua mbili usiku, na baada ya miaka michache hapana asemaye kwa hakika kwamba hakikuwa pale tangu zamani.

Tuseme mume amefariki. Mjane amebaki shambani na watoto wadogo, na shemeji yake amekwisha kupanda masale mapya katikati ya migomba. Aende wapi? Wengi watajibu, Aende mahakamani. Lakini mahakama i mbali, nauli ni fedha, na hakimu hajui ni nani aliyeipanda migomba ile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeweka mlango ulio karibu zaidi, nao ni Baraza la Ardhi la Kijiji.

Baraza hili lina watu saba, na watatu wao sharti wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji hutaja majina, lakini Mkutano Mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ndio unaoyakubali au kuyakataa. Asiyekaa kijijini hachaguliwi, wala aliyehukumiwa kwa kosa la udanganyifu. Shauri haliwezi kusikilizwa pasipo wajumbe wanne, na katika hao wanawake wawili. Neno hili la mwisho lisipuuzwe. Nadhani mjane atasema mengi mbele ya wanawake wenziwe asiyoweza kuyasema mbele ya wazee wanaume watupu, nao wakiwa ndugu za marehemu!

Tena wajumbe na wakumbuke kwamba desturi si ngao ya kila jambo. Sheria iyo hiyo yasema kwamba desturi imnyimayo mwanamke, au mtoto, au mtu mwenye ulemavu, haki ya kumiliki na kutumia ardhi ni batili. Shemeji akisema, "Kwetu mwanamke hana kihamba," neno lake halina nguvu barazani.

Je, baraza laweza kuhukumu? La. Kazi yake ni kupatanisha tu. Haliwezi kumfunga mtu wala kumtoza faini, na hapana alazimishwaye kuja mbele yake. Wengine hulidharau kwa sababu hiyo. Lakini aliyeshindwa mahakamani hurudi nyumbani na kinyongo, na kesho atachota maji katika mfereji ule ule pamoja na aliyemshinda. Waliopatana wamekubali wenyewe. Wajumbe wenye akili hawakai chini ya mti na kusikiliza maneno matupu. Huenda shambani, huwaita majirani wa pande zote, hutazama shina la sale kama ni nene au changa.

Wasipopatana, shauri hupelekwa kwenye Baraza la Kata. Zamani baraza hilo lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri ya ardhi, lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 nalo hupatanisha tu. Siku 30 zikipita pasipo mapatano, mwenye shauri aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko hukumu hutolewa.

Mapatano yakipatikana, yaandikwe siku ile ile, na mpaka utajwe kwa miti na mawe yanayoonekana, si kwa maneno "pale pale pa zamani." Na mjane asiyejua kusoma amwombe mtu wake asiye na upande amsomee karatasi yote, mstari kwa mstari, kabla hajatia kidole chake.