Kabla Hujapanda Nguzo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nguzo nyingi za stima kutoka Kilifi hadi Malindi na Marereni ni mikaratusi iliyokatwa bara, ikashindiliwa dawa ya shaba, kromu na aseniki, kisha ikateremshwa pwani. Huku inasubiriwa na mchwa, unyevu na upepo wa chumvi. Maagizo haya ni ya fundi wa laini, kibarua wa kontrakta, na mwenye shamba lililopitiwa na nyaya.

FUKUA KITAKO. Kuvu huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Juu ya nguzo ni kukavu, chini kabisa hewa ni haba. Maangamizi huanzia usawa wa ardhi na kushuka sentimita 45 hivi. Basi fukua pande zote, futa udongo, chokoa kwa bisibisi butu. Ikizama bila kusukumwa sana, weka alama nyekundu, usipande.

USIRIDHIKE NA NYUNDO. Gonga, ndiyo, ukiizunguka nguzo kuanzia chini mpaka mkono unapofika. Mti mzima hulia kwa sauti kali. Penye uvungu au uozo sauti huwa nzito na fupi. Lakini uozo mchanga hausikiki, ilhali nguvu zimeshaanza kupotea, na yaliyo chini ya udongo nyundo haiyajui. Anayesema "nimegonga, iko sawa" huku jembe lake halina udongo hajapima kitu.

PIMA MZINGO. Hapa ndipo wengi huhukumu kinyume. Nguvu ya nguzo kupambana na upepo iko kwenye tabaka la nje. Uvungu wa katikati wenye upana wa nusu ya kipenyo hupunguza nguvu ya kustahimili kupinda kwa asilimia 6 tu hivi. Mchwa wakiguguna nje mpaka kipenyo kipungue kwa sehemu moja ya kumi, asilimia 27 imekwenda. Kanuni za usalama za Marekani hutaka nguzo ibadilishwe au iimarishwe nguvu zinaposhuka chini ya theluthi mbili ya zilizohitajika iliposimikwa. Nguzo iliyokuwa na nguvu za kutosha tu huuvuka mpaka huo kipenyo kikipungua asilimia 13. Kwa hiyo nguzo inayolia uvungu huenda ikastahili kubaki, na ile iliyokonda kiuno ikakataliwa hata ikilia vizuri. Chukua utepe. Linganisha mzingo wa usawa wa ardhi na wa juu kidogo, penye mti mzima.

USIACHE TUNDU WAZI. Iko keekee ya sindano, ncha yake milimita 3, inayochora mstari wa ukinzani wa mti; sindano ikiingia penye uozo mstari huanguka. Viko pia vyombo vya mawimbi ya sauti: wimbi hupita upesi kwenye mti mzima na hukawia likiuzunguka uozo. Huna, tumia keekee ya kawaida yenye ncha nyembamba na uangalie unga unaotoka. Mweusi, mlaini, wenye maji? Jibu umepata. Chombo chochote utumiacho, ziba tundu kwa kijiti kilichotiwa dawa, la sivyo umemfungulia mchwa mlango.

USIKATE KITAKO. Wachimbaji wakigonga jabali la matumbawe hupunguza nguzo badala ya shimo. Dawa huingia ngozi ya nje ya mkaratusi, kiini hakiinywi. Ukikata, umemwekea mchwa kiini kisicho na kinga, na nguzo imeingia ardhini pungufu. Kanuni ya zamani ni sehemu moja ya sita ya urefu kwenda chini. Ongeza jasho.

USIKATE WAYA KWANZA. Nguzo iliyooza huweza kusimama kwa kushikwa na nyaya tu. Ukifungua upande mmoja, yaja nawe. Ifunge kamba pande zote kwanza.

USICHOME MAGUGU KARIBU NAYO. Wenye mashamba, hasa mnapofyeka kabla ya masika: mti wenye dawa ya shaba, kromu na aseniki huendelea kuwaka polepole ndani baada ya miali kuzimika. Mnaona moto umekufa jioni, asubuhi nguzo iko chini. Safisheni mduara kwa jembe.

USIPIKIE NGUZO KUUKUU. Aseniki hubaki kwenye moshi na jivu. Si kuni za kukaangia samaki, si mkaa, na jivu lake lisitiwe bustanini. Najua kuni ni ghali. Bado hapana.

TOA TAARIFA. Nguzo imeinama, au imezungukwa na vichuguu, au mvua imeufagia udongo wake? Pigia Kenya Power 97771, taja namba iliyobandikwa kwenye nguzo, ondoa watoto na mifugo, wala usijaribu kuiegemeza kwa boriti.