KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA: SOMO LA PESA NA URAFIKI

Chama chetu kiliniomba niandike somo la msamiati kwa jarida la mwaka huu. Nimechagua msamiati wa mikopo, na sikuuchagua kwa bahati tu. Mwaka huu deni la shilingi 1,000 nusura livunje urafiki wangu wa miaka mitano. Basi nitafunza maneno, lakini kwanza nisimulie kisa.

Likizo ya Desemba nilimsaidia mama kuuza viazi na sukumawiki katika soko la Wakulima hapa Nakuru. Alinipa kitu kidogo kila jioni nikaweka, hadi nikafikisha shilingi 1,300. Nia yangu ilikuwa kununua kikokotoo cha hesabu. Shule ilipofunguliwa, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alinivuta kando wakati wa mapumziko.

"Wee, niokolee na thao moja. Ijumaa nakurudishia, haki ya Mungu."

(Mwalimu atanisamehe. Thao ni shilingi elfu moja kwa lugha ya mtaani.)

Sikumuuliza ni za nini. Niliona aibu kuuliza, nikampa. Ijumaa ikafika, ikapita. Ijumaa ya pili pia. Ya tatu nikaona amehamia dawati la nyuma. Tukikutana langoni anajifanya anafunga kamba za viatu. Hasira zikanipanda. Siku moja, darasa likiwa limejaa, nilisimama nikasema kwa sauti, "Wewe, kula vya watu unajua, kulipa hujui!" Watu wakacheka. Yeye hakujibu neno. Kesho yake hakuja shuleni, wala kesho kutwa.

Hapo nitaacha kwanza, twende kwenye somo.

MANENO YA MKOPO

Wengi wetu husema, "Nikopeshe kalamu." Hilo ni kosa. Kalamu huazimwa. KUAZIMA ni kuchukua kitu ukitumie kisha urudishe kitu kilekile. KUKOPA ni kuchukua kitu ambacho kitatumika kiishe, halafu ulipe kingine cha thamani hiyo. Noti niliyompa rafiki yangu haingerudi noti ileile. Kwa hiyo daftari lako utaliazima, lakini sukari ya dukani utaikopa.

Anayechukua ni MKOPAJI na anayetoa ni MKOPESHAJI. Mwenye kudai huitwa MDAI. Tuna pia neno la zamani ambalo wengi hatulijui, nalo ni MWIA. Kuwia ni kumdai mtu, na kuwiwa ni kudaiwa. Mwenye kudaiwa ni MWIWA au MDENI. Likumbukeni neno hilo la mwiwa, nitalirudia mwishoni.

RIBA ni nyongeza anayolipa mkopaji juu ya pesa alizokopa. Wenzetu Waislamu dini yao inaikataza. MDHAMINI ni mtu anayeahidi kulipa endapo mkopaji atashindwa. REHANI ni kitu kinachowekwa kwa mkopeshaji mpaka deni lilipwe.

Kuna neno jingine ambalo kila mtu analo mdomoni bila kujua kwamba limo katika kamusi. Mwaka wa 2019 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya kukopa kupitia M-Pesa inayoitwa Fuliza. Kufuliza ni kuendelea na jambo mfululizo bila kusita. Ni jina zuri, lakini mwenye kukopa ajihadhari asije akafuliza kukopa!

MFANO KUTOKA TAMTHILIA

Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare akaiita "Mabepari wa Venisi". Tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka wa 1969. Ndani yake Bassanio anamwomba rafiki yake Antonio pesa aende kumposa Portia. Antonio hana pesa mkononi kwa sababu mali yake yote iko baharini katika merikebu. Badala ya kusema hana, anakopa dukati 3,000 kwa Shylock kwa muda wa miezi mitatu, na rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wake! Habari zinakuja kwamba merikebu zimezama, na Antonio anaponea chupuchupu mahakamani.

Wengi hukumbuka ukatili wa Shylock, na ndiyo sababu hata leo mtaani mkopeshaji wa riba kubwa anaitwa "shailoki". Mimi nimejifunza jambo lingine. Antonio alikopesha kitu asichokuwa nacho. Tena Bassanio alikuwa na deni lake la zamani ambalo hakuwa amelipa. Antonio alishindwa kusema "sina".

HESABU KIDOGO

Tuseme umekopa shilingi 1,000 na mwisho wa mwezi ulipe 1,080. Shilingi 80 unaona ni pesa ndogo, bei ya chapati chache tu. Lakini hiyo ni asilimia 8 kwa mwezi. Ukilipa kisha ukakopa tena kila mwezi kwa miezi 12, utakuwa umetoa shilingi 960 za riba, karibu elfu nzima, na bado huna kitu.

Sasa linganisha na chama cha mama yangu. Wako wanawake kumi. Kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 200, na mmoja wao huchukua 2,000. Baada ya wiki kumi kila mmoja amepata zamu yake. Wanaita merigoraundi. Nilipokaa nikafikiri niliona kwamba anayechukua wiki ya kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba, na anayechukua mwisho amejiwekea akiba. Kinachowalinda ni daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

NILIVYOFUNZWA NA MAMA

Rafiki yangu alipokosa shule siku ya tatu, nilimweleza mama. Nilidhani atanitetea. Alifuta mikono kwa leso akaniuliza, "Mwanangu, uliandika mahali? Ulimuuliza shida yake? Na hizo pesa, ulikuwa unaweza kuishi bila hizo?" Maswali yote matatu jibu langu lilikuwa hapana. Akaniambia, "Basi kosa ni la wawili. Nenda kwao, na usiende kudai."

Nilienda jioni. Nilimkuta mama yake ameketi nje na simu mapajani. Simu ikilia anaiangalia tu, hapokei. Rafiki yangu akanieleza tukiwa kando. Mama yake alikuwa amekopa katika programu moja ya simu, akashindwa kulipa, na wale watu wakaanza kuwapigia jamaa zake na majirani kumtangaza. Zile elfu yangu zilienda huko. Mama yake aliambiwa ni za kibarua cha kubeba mizigo stejini.

Nikiwa pale nilikumbuka nilivyosimama darasani. Wale walimtangaza mama kwa simu. Mimi nilimtangaza mtoto wake kwa mdomo.

Baadaye mwalimu wetu wa somo la biashara alitufafanulia kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 zinakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mkopaji au kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yake ili kumwaibisha. Mtu akitendewa hivyo ana haki ya kulalamika. Nilimpelekea rafiki yangu habari hiyo, naye akamweleza mama yake.

KANUNI ZANGU

Kutokana na hayo yote nimejiwekea kanuni hizi, na ninawapa nanyi:

1. Usikopeshe pesa ambazo ukizikosa utakwama. Karo, nauli na chakula cha mchana si pesa za kukopesha.

2. Uliza shida ni ipi. Si udaku. Pengine shida inahitaji pesa, pengine inahitaji habari.

3. Ukiombwa 1,000 na unaweza kuachilia 200 bila kinyongo, toa 200 na useme si deni. Zawadi ndogo huhifadhi urafiki kuliko mkopo mkubwa.

4. Andika kiasi na siku ya kulipa, hata kwa ndugu wa damu. Anayekataa kuandikiwa huenda pia atakataa kulipa.

5. Ukiwa mwiwa na siku ikafika huna kitu, nenda mwenyewe ukaseme. Kujificha huongeza deni la pili, la uaminifu.

6. Weka akiba kabla ya kutumia. Mimi napewa shilingi 250 za chakula kwa wiki. Jumatatu naondoa 50 kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Tulikubaliana na rafiki yangu alipe shilingi 100 kila wiki kwa wiki kumi, na tukaandika nyuma ya daftari langu la Kiswahili. Ninapoandika haya amelipa 700. Kikokotoo naazima kwa jirani, wala sikopi!

Lakini kuna deni jingine ambalo halimo katika daftari hilo. Nilimtukana mbele ya wanafunzi 48, kisha nikamwomba radhi tukiwa wawili tu njiani. Malipo hayo hayakutimia. Nimempa makala haya ayasome kabla ya mhariri, naye akaniruhusu. Akasema tu, "Jina usiweke, lakini ile ya kamba za viatu iache, ni kweli."

Basi wanadarasa wenzangu mliocheka siku ile, nasema mbele yenu nyote: rafiki yangu, niwie radhi. Katika deni hili wewe ndiwe mwia, na mimi ndimi mwiwa. Dawa ya deni ni kulipa.