Insulini Haimezwi: Sababu Iko Kwenye Umbo Lake

Mgonjwa wa kisukari akiambiwa aanze sindano, swali la kwanza kliniki huwa hili: kwa nini isiwe vidonge? Ni swali zuri, na anastahili kujibiwa vizuri.

Insulini ni homoni ya peptidi, yaani protini ndogo yenye amino asidi 51 katika minyororo miwili iliyoshikana. Tumbo haliitofautishi na protini ya maharage au samaki. Ukiimeza, humeng'enywa vipande vipande, na vipande hivyo havina kazi, kwa sababu nguvu yote ya insulini imo katika umbo lake.

Ikifika kwenye seli ya msuli, hubisha hodi nje na ujumbe wake huutoa hapohapo. Kwenye utando wa seli kuna vipokezi, protini kubwa ambazo sehemu moja imechomoza nje na nyingine imezama ndani. Insulini inaponasa upande wa nje, kipokezi kizima hubadili mkao. Sehemu zake mbili za ndani hukaribiana na kubandikana fosfeti. Alama hizo huamsha protini nyingine, nazo huamsha nyingine, hadi protini za kupitisha glukosi zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya seli zipande kwenye utando. Hapo ndipo sukari hutoka kwenye damu.

Katika kisukari cha aina ya pili, mara nyingi insulini ipo na kipokezi kinaipokea, lakini ujumbe unafifia huko ndani. Ndiyo maana kutembea kunasaidia sana: msuli unaofanya kazi hupandisha protini za kupitisha glukosi hata bila insulini.

Sasa angalia kichupa chako. Insulini ya kawaida, ile angavu kama maji, molekuli zake hukaa sita sita zikiwa zimeshikana, na kipokezi hupokea moja moja tu. Lazima ziachane kwanza chini ya ngozi, na ndiyo sababu unaambiwa udunge takriban nusu saa kabla ya kula.

Kuganda na joto kali huharibu umbo la insulini. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia. Iliyoganda isitumike hata ikiyeyuka. Pasipo friji, chungu chenye mchanga mbichi kivulini hupunguza joto. Kichupa kifungwe kwenye mfuko kisilowe. Insulini angavu ikiwa na ukungu au chembe, irudishe kliniki upewe nyingine, wala usiruke dozi ukisubiri siku ya miadi.