Paka wangu haachi kuhara

*Daktari, paka wangu wa miaka minne amekuwa akihara kwa miezi mitatu. Hutulia siku chache, kisha huanza tena. Hula ugali na maziwa ya ng'ombe wetu, na panya anaowakamata kwenye majani chai. Amekonda. Nifanyeje? – Msomaji, Litein, Kericho*

Pole. Kuhara kunakoenda na kurudi hivi mara nyingi hutibika, ila chanzo kisakwe.

Anza na maziwa. Najua ni vigumu kumnyima paka anayengoja kando ya ndoo kila ng'ombe akikamuliwa, lakini paka wengi waliokomaa hawawezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Hubaki utumboni, huvuta maji, na choo hulegea. Ugali nao haumtoshi. Paka ni mla nyama. Kwa wiki mbili mpe kuku aliyechemshwa bila chumvi, mifupa wala kitunguu, kidogo kidogo, na maji safi wakati wote.

Panya humrudishia minyoo, kwa hiyo anahitaji dawa ya minyoo ya paka inayopimwa kwa uzito wake. Usimpe dawa za binadamu kamwe. Panadol moja inaweza kumuua.

Kwa kuwa amekonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, pamoja na choo cha siku hiyo kwenye kichupa safi. Ukiona damu, kutapika au amekataa chakula siku nzima, nenda siku hiyo hiyo. Ikibainika ana uvimbe wa kudumu wa utumbo, usikate tamaa: huenda usiishe, lakini chakula maalumu na dawa humwezesha kuishi vizuri kwa miaka.