SOMO LA SAUTI: KILA LUGHA INA MIZANI YAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kubainisha. Ama baada ya hayo: waalimu wa vyuo huuliza sababu ya mtoto mwenye akili na masikio mazima kufundishwa herufi ya dhadi mwaka mzima asiipate. Jawabu halimo katika ulimi peke yake. Limo katika namna kila lugha inavyozipanga sauti zake, nalo ndilo tutakalolieleza hapa.

Fahamu kwanza, ewe msomaji, ya kuwa kinywa cha wanadamu ni kimoja kwa mataifa yote: koo, ulimi, kaakaa, ufizi, meno, midomo na pua. Sauti ziwezazo kutoka humo ni nyingi mno, wala hapana lugha izitumiayo zote. Lugha ya Hawaii ina herufi 8 tu zisizo irabu, na irabu 5. Kiarabu kina herufi 28, na irabu 3, kila moja fupi na ndefu. Na lugha ya Taa, isemwayo Botswana na Namibia, ina sauti zaidi ya 100, na nyingi katika hizo ni vidoko vya ulimi.

Fahamu pili, na hili ndilo kubwa, ya kuwa kazi ya sauti ni kutenga neno na neno. Mvita akitamka *paa* kwa pumzi amemtaja mnyama. Akitamka bila pumzi ametaja paa la nyumba. Vivyo hivyo *kaa* wa pwani na *kaa* la moto. Katika Kihindi, *pal* bila pumzi ni kitambo kidogo, na *phal* kwa pumzi ni tunda. Mwingereza naye huitoa pumzi hiyo hiyo p inapoanza neno, na baada ya s haitoi. Walakini hana maneno mawili yatengwayo kwa pumzi, basi hata yeye mwenyewe haisikii. Pumzi ni moja: huyu huihesabu, na huyu haihesabu. Sikio husikia lile ambalo lugha ya mama imelifundisha kulihesabu.

Fahamu tatu ya kuwa sauti husimama safu kwa safu, kama watu katika sala. Sibawayhi, imamu wa nahau wa karne ya 2 ya Hijra, alieleza katika kitabu chake ya kuwa swadi, dhadi, twa na dhwa hukusanywa na sifa moja, nayo ni itbaki: ulimi kuinuka na kulifunika kaakaa. Akasema, kwa maana, ya kuwa lau si itbaki twa ingekuwa dali, swadi ingekuwa sini, na dhwa ingekuwa dhali. Na dhadi ingetoweka katika maneno, kwani mahali pake hapana herufi nyingine. Angalia! Sifa moja tu yashika safu nzima. Zaidi ya miaka 1100 baadaye, mwanachuoni wa Kirusi Nikolai Trubetzkoy, aliyekufa 1938, aliandika juu ya mpango wa sauti katika lugha nyingi. Kitabu chake kilichapwa 1939, na ndani yake mna mlango huo huo wa kuzijua sauti kwa sifa zizitengazo.

Sasa turejee kwa mtoto wetu. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiarabu, lakini kimeyapima kwa mizani yake. *Dhahabu* asili yake ni dhali. *Dhuluma* asili yake ni dhwa. *Ramadhani* asili yake ni dhadi. Herufi tatu zimeingia chombo kimoja. Hali kadhalika *sabuni* ina swadi na *salama* ina sini, nasi twatamka moja. Basi mtoto asomapo mwisho wa Fatiha, ulimi wake hauasi. Wafuata mizani aliyonyonya.

Wala jambo hili si dogo. Neno la *waladh-dhaallin* kwa dhadi ni waliopotea. Likisomwa kwa dhwa, maana yake ni waliodumu. Fatiha ni nguzo katika kila rakaa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amebainisha katika *Minhaj* ya kuwa mwenye kubadili dhadi kwa dhwa kisomo chake hakisihi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na hukumu hiyo ni ya awezaye, au aliyeweza kujifunza akazembea. Ama asiyeweza kabisa ana udhuru. Basi mwalimu asimhukumu mtoto kuwa hawezi kabla hajamfundisha kusikia.

Njia yake ni hii. Anza na sikio. Taja maneno mawili yatengwayo kwa herufi moja: *tin* kwa te ni tini, na kwa twa ni udongo, *saif* kwa sini ni upanga, na kwa swadi ni majira ya joto, *kalb* kwa kafu ni mbwa, na kwa qafu ni moyo. Mwanafunzi anyamaze, aonyeshe kwa kidole ni lipi alilolisikia. Asipokosea ndipo atamke. Kisha umwonyeshe mahali: dhwa ni ncha ya ulimi na ncha za meno ya mbele ya juu, dhadi ni ubavu wa ulimi na magego ya juu.

Na jihadhari na kosa moja lililoenea. Watu huandika *swala* kwa w ili kuonyesha swadi, kisha mtoto akakunja midomo. Hiyo si swadi, ni sini na wau. Midomo itulie, ulimi ndio upande.

Mwenye kuyashika haya atamfundisha mtoto bila ya fimbo. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.