Dondoo muhimu: Uchungu ukianza, uende hospitali wakati gani?

• Pima kwa saa. Mimba ya kwanza: nenda uchungu ukirudi kila dakika 5, ukidumu dakika nzima, kwa muda wa saa 1. Aliyekwisha kuzaa asingoje hivyo. Uchungu wa safari hii huweza kwenda mbio.

• Hesabu pia muda wa kuvuka mto. Mama wa Lubunga, mjini Kisangani, anayekwenda kuzalia Makiso lazima avuke Mto Kongo. Aondoke mapema, hasa giza likikaribia. Mtumbwi na pikipiki vipangwe kabla.

• Uliza kliniki mapema kuna dawa gani ya maumivu, na bei yake. Sindano ya ganzi ya mgongoni huhitaji mtaalamu wa ganzi, naye hayuko kila kituo.

• Nyumbani: tembea, oga maji ya uvuguvugu, kunywa maji, mwenzako akusugue kiuno. Usinywe dawa yoyote, ya miti wala ya vidonge, ya kuharakisha uchungu: kizazi chaweza kupasuka.

• Usingoje hata kidogo ukiona damu nyingi, chupa ikipasuka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, homa au degedege.