Mambo Saba Niliyojifunza Nikiitafuta Kutu Isiyoonekana

Maisha yangu ya kazi yamezunguka swali moja: ukuta wa bomba hili umebaki na unene gani? Nililiuliza nikiwa mhandisi mchanga kiwandani Tanga, nikaliuliza tena nikiwa mwanafunzi wa uzamivu Uingereza, na leo nalifundisha darasani. Fani yenyewe huitwa upimaji usioharibu, yaani kuchunguza chuma, zege au mtungi wa mgandamizo bila kuukata wala kuutoboa. Mtu anayegonga chungu sokoni na kusikiliza mlio kabla ya kulipa anafanya kazi ya aina hiyohiyo. Chungu chenye ufa humpotezea mtu mchuzi. Boila lenye ufa huua waliosimama karibu nalo.

Nimeandika mafunzo haya kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi, mameneja wa viwanda na yeyote anayeishi jirani na bomba. Yote yanaelekea mahali pamoja: kiwanda hakiwi salama kwa sababu kina kifaa chenye macho makali. Kinakuwa salama pale watu wake wanapojua kifaa hicho hakioni nini, na wakathubutu kulisema.

1. Uzima wa nje si ushahidi

Mabomba mengi huliwa kwa ndani. Mvuke unaokwenda kasi, mafuta yenye salfa, maji ya chumvi, kila kimoja kina namna yake ya kuondoa chuma kidogo kidogo huku rangi ya nje iking'aa. Ndiyo maana tunatumia altrasaundi, ileile wanayoijua wajawazito hospitalini. Fundi hupaka jeli juu ya bomba, akaweka probu, sauti isiyosikika kwa sikio ikapenya ukuta, ikagonga upande wa pili na kurudi. Katika chuma cha kawaida, sauti hiyo husafiri takriban mita 5,900 kwa sekunde. Ukuta wa milimita 10 hurudisha mwangwi baada ya sehemu kama 3.4 za milioni moja ya sekunde. Mwangwi ukirudi kwa nusu ya muda huo, jua kwamba nusu ya ukuta imekwisha.

Wazo hili lilikomaa katika maabara za vyuo. Sergei Sokolov wa Leningrad alilipendekeza mwaka 1928. Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliomba hataza ya kifaa chake cha kutafuta kasoro ndani ya chuma mwaka 1940, akaipata 1942. Nikiwaambia vijana wangu kwamba utafiti wa chuo unaokoa watu viwandani, huwa naanzia hapo.

2. Kifaa bora hakimlindi mtu mahali kisipofikishwa

Kila mwaka nawasimulia wanafunzi habari ya Mihama, Japani. Tarehe 9 Agosti 2004, katika kinu cha tatu cha kituo hicho cha umeme wa nyuklia, bomba la maji ya moto lilipasuka kwenye mfumo usio na mionzi. Mvuke ulijaa jengo. Watu watano walikufa na wengine sita wakajeruhiwa. Walikuwa wafanyakazi wa mkandarasi, wakiandaa kazi ya ukaguzi wa mara kwa mara wa kituo.

Ukuta wa bomba lile ulianza ukiwa na unene wa milimita 10 hivi. Mahali palipopasuka palikuwa pamebaki chini ya milimita 2. Maji yaliyovurugika baada ya kupita kwenye bamba la kupimia mtiririko yalikuwa yakikwangua chuma polepole kwa miaka mingi. Aina hiyo ya ulikaji ilijulikana, na kipimo cha altrasaundi cha kuugundua kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Lakini sehemu ile ya bomba ilisahauliwa kwenye orodha ya ukaguzi, kwa hiyo haikuwa imepimwa tangu kinu kilipoanza kazi mwaka 1976.

Tangu nilipoisoma ripoti ya tukio hilo, orodha ya mahali pa kupima naipa uzito uleule ninaoupa mashine. Mtu akinionyesha probu mpya ya bei kubwa, namuuliza: nani aliandaa orodha, ameilinganisha na michoro ya mabomba, na ni mara ya mwisho lini kuna mtu aliyefuatilia bomba kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho?

3. Usiulize kipimo kimeona ufa mdogo kiasi gani. Uliza kinaweza kukosa ufa mkubwa kiasi gani

Swali hili lilibadilisha namna ninavyosoma makala zote za fani yetu. Wauzaji hupenda kuonyesha ufa mdogo kabisa waliowahi kuunasa. Kwa mwenye kiwanda habari hiyo ina faida ndogo. Anachohitaji ni ukubwa wa ufa ambao mpimaji wa kawaida, siku ya kawaida, hataukosa.

Miaka ya 1980 watafiti Berens na Hovey wa Chuo Kikuu cha Dayton, Ohio, waliweka msingi wa hesabu ya jambo hili, wakianzia kwenye ndege. Mfano wake mwepesi unatosha kumfungua mtu macho. Chukua nyufa 29 zenye ukubwa unaofanana, uzichanganye na vipande vizima, umpe mpimaji asiyejua kipi ni kipi. Akizinasa zote 29, unaruhusiwa kudai kwamba uwezo wa kuziona ni angalau asilimia 90, ukiwa na uhakika wa asilimia 95. Sababu ni kwamba kama uwezo wake ungekuwa asilimia 90 tu, bahati ya kuzipata zote 29 isingefika asilimia 5. Akikosa moja, unahitaji nyufa 46 ili udai jambo lilelile.

Sasa fikiria gharama ya kutengeneza nyufa hizo zote za kweli. Ndiyo maana makala nyingi huishia kwenye kasoro mbili tatu zilizochongwa kwa mashine. Hapo chuo kina wajibu wa pekee. Kiwanda kina haraka na muuzaji ana bidhaa, ila mtafiti amelipwa ili apate muda wa kuuliza kwa utulivu: tunakosa nini?

4. Maabara ni safi, kiwanda si safi

Katika maabara nilipimia mabamba laini kwenye meza, hewa ikiwa baridi na kiti kipo. Kiwandani bomba limepakwa rangi juu ya rangi, lina magamba ya kutu, limefungwa kifuniko cha kuzuia joto, na liko juu kabisa ambako huwezi kufika bila jukwaa. Joto lenyewe hudanganya. Chuma kikipata moto, sauti hupunguza mwendo, na kifaa kilichosawazishwa kwenye bamba la baridi huongeza takriban asilimia 1 ya unene kwa kila nyuzi 55 za selsiasi. Kosa hilo huelekea upande wa hatari, maana bomba huonekana nene kuliko lilivyo.

Utafiti ninaouheshimu zaidi ni ule ulioanza na taabu hizi. Katika Imperial College London, David Alleyne na Peter Cawley walishughulika na kutu inayojificha chini ya kifuniko cha joto. Kuvua kifuniko chote ni gharama kubwa. Wao walitumia mawimbi yanayoongozwa na ukuta wa bomba lenyewe: unafunga mkanda wa probu mahali pamoja, mawimbi yanasafiri makumi ya mita kila upande, na penye upungufu wa chuma yanarudisha ishara. Hayakupi unene kamili, na kona zikiwa nyingi huchanganyikiwa. Yanakuonyesha tu mahali pa kufungua na kupima kwa makini. Chuoni humohumo Frederic Cegla na wenzake walibuni vipimio vya kudumu vinavyosimama juu ya vipande virefu vyembamba vya chuma cha pua, ili sehemu za kielektroniki zikae mbali na bomba lenye joto la nyuzi mia kadhaa. Kipimio kinabaki hapohapo na kutuma unene siku hata siku, bila mtu kupanda jukwaa.

5. Picha ya kupendeza haimwondolei mtu wajibu wa kufikiri

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Holmes, Drinkwater na Wilcox, walichapisha njia ambayo sasa imeingia kwenye vifaa vya sokoni. Badala ya probu moja unatumia safu ya probu ndogo, kila moja ikituma kwa zamu huku zote zikisikiliza. Safu ya probu 64 inatoa ishara 4,096, na kompyuta huzikusanya kuwa picha kali ya ndani ya chuma.

Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi sana, na bado naipenda. Ila picha hiyo inajengwa juu ya dhana kwamba sauti inasafiri kwa mwendo unaojulikana na kwa mstari ulionyooka. Kwenye kiungo cha kuchomelea cha chuma cha pua, chenye chembe kubwa, sauti hupinda na kutawanyika, na ufa unaweza kuonekana pasipo mahali pake au kupotea. Nawaambia hivyohivyo vijana wanaotaka akili mnemba isome ishara badala yao: mashine hiyo imejifunza kasoro zipi, na zilithibitishwa na nani?

6. Mpimaji ni sehemu ya kipimo

Kuanzia miaka ya 1970, nchi za Ulaya na washirika wao ziliendesha mpango ulioitwa PISC. Vikundi mbalimbali vilipewa kukagua vipande vilevile vya chuma kizito cha vinu, kisha vipande vikachunguzwa ili kupata ukweli wake. Majibu yalitofautiana kuliko walivyotegemea wengi. Taratibu za ukaguzi, mafunzo na mitihani ya wapimaji vikaanza kutiliwa mkazo zaidi. Leo kiwango cha kimataifa cha ISO 9712 kinawagawa wapimaji katika ngazi tatu, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limesaidia nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, kufundisha wataalamu wake.

Mwalimu wangu wa kwanza katika hili alikuwa fundi mzee wa Tanga, ambaye sote tulimwita Mzee na yeye akatuita wanangu hata tulipokuwa wakubwa wake kwa cheo. Aliniambia: "Mwanangu, andika ulichokiona, na usisahau kuandika ulichoshindwa kukifikia." Ripoti zake zilikuwa na ukurasa wa mahali pasipopimwa na sababu yake: kifuniko hakikufunguliwa, jukwaa halikuwepo, joto limezidi. Baadaye chuoni nilisoma hesabu nyingi za kutoa uhakika wa kipimo, na kila mara niliona kwamba zinatafuta kwa tarakimu kile ambacho ukurasa ule ulikuwa unakisema kwa maneno.

Mpimaji aliyechoka, anayefanya kazi usiku huku msimamizi akimhimiza atamke "safi" ili mitambo iwashwe, hana macho yale aliyokuwa nayo kwenye mtihani. Anayepanga zamu na muda wa ukaguzi naye anaamua kitakachoonekana.

7. Kipimo hukamilika uamuzi unapochukuliwa

Tarehe 6 Agosti 2012 bomba lilipasuka katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Richmond, California. Wafanyakazi 19 walifunikwa na wingu la mvuke wa mafuta na wote wakanusurika. Watu wapatao 15,000 wa maeneo ya jirani walitafuta matibabu katika siku zilizofuata. Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza kwamba salfa ilikuwa imekula sehemu ya bomba iliyotengenezwa kwa chuma chenye silikoni kidogo. Vipimo vya mara kwa mara vilichukuliwa zaidi kwenye viungo, ambavyo silikoni yake ilikuwa nyingi na havikulika kwa kasi ileile. Tena wataalamu wa ndani walikuwa wameshapendekeza miaka kabla ya ajali kwamba sehemu zote zilizo katika hatari hiyo zikaguliwe. Pendekezo hilo halikutekelezwa kwenye bomba lile.

Maarifa yalikuwepo, yakaishia kwenye karatasi. Kwa hiyo namna ya kuandika ripoti ni sehemu ya sayansi yetu. Namba peke yake haimsaidii meneja. Mwambie unene uliobaki, kasi ya ulikaji, tarehe ambayo ukuta utafika kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na kinachopaswa kufanyika kabla ya tarehe hiyo. Kisha jina la anayepaswa kuamua liwepo, na jibu lake lihifadhiwe.

Ninachokiomba

Afrika Mashariki tuna sababu ya kuyachukua haya kwa uzito. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linatumika tangu 1968. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu 2004. Kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, bomba la kilomita 1,443 limesanifiwa kwa kifuniko cha joto na mfumo wa kulipasha, maana mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Wakenya hawajasahau moto wa Sinai, Nairobi, wa tarehe 12 Septemba 2011, ambapo petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliua watu wapatao mia moja. Boila za viwanda vya chai, sukari na nguo ziko karibu na nyumba zetu.

Ombi langu liko ndani ya uwezo wetu. Kila bomba lililopasuka na kila boila lililokataliwa, kabla halijauzwa kama chuma chakavu, likatwe kipande kilicho na kasoro, liandikiwe historia yake, lipelekwe chuo kikuu au taasisi ya ufundi iliyo karibu. Kutu yetu ya pwani na nyufa za kazi yetu hazipatikani kwenye sampuli za kununua. Tukiwa na maktaba ya vipande hivyo, wanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere watafanya mtihani wa nyufa 29 kwa kasoro za kweli, na mwenye kiwanda atawauliza: ninyi mnakosa nini? Nao wawe na jibu lenye tarakimu.